Ajali Ni ya Nani? Neno Juu ya Ndege Ndogo za Angani

Neno hili "ajali" tulilipokea kutoka lugha ya Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni muda uliowekwa, yaani siku ya mwisho ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Wazee wa pwani waliposema ya kuwa ajali haina kinga, walinena habari za siku hiyo, wala hawakunena habari za gari au chombo. Baadaye neno likasafiri, likaja bara, likavaa nguo nyingine. Leo twalitumia kwa kila jambo baya litokealo pasipo mtu kulikusudia. Lakini nguo ya kwanza haikuvuliwa. Imo ndani, chini ya hii ya pili. Ikianguka pikipiki katika njia ya Tarime na Mugumu, au eropleni katika mbuga ya Serengeti, watu husema, "Ni ajali," na mara ile sauti ya kale husikika: siku yake imefika, tufanye nini? Hapo mazungumzo hukoma, na matanga huendelea.

Mimi nataka kuuliza kabla hayajakoma. Je! jambo lisilokusudiwa na mtu, ndiyo kusema kwamba halina mwenyewe?

Nimechagua kusema habari za eropleni ndogo, ingawa najua ya kuwa wachache sana miongoni mwenu wamepata kupanda moja. Sababu ya kwanza, sisi wa wilaya hizi mbili twaziona kila siku. Zapita juu ya mashamba yetu ya mtama na mihogo, zikienda Seronera, au Kogatende karibu na Mto Mara, zimechukua wageni waliokuja kutazama nyumbu. Sababu ya pili ndiyo kubwa. Katika ajali zote za wanadamu, hakuna zinazochunguzwa kwa uangalifu kama hizi. Pikipiki ikianguka, askari huandika mistari mitatu, na kesho yake mahali pale pamefagiliwa. Eropleni ikianguka, watu huja kuokota kila kipande cha bati, hupima mafuta yaliyobaki, huuliza hali ya hewa ilikuwaje na rubani alilala saa ngapi. Kwa hiyo huko sababu za mauti zaonekana kama vitu vilivyowekwa chini ya taa, na mtakayoyaona huko juu mtayatambua na hapa chini.

Na tuanze na kaburi. Liko ukingoni mwa Ngorongoro, nalo limejengwa kwa mawe, lina ncha juu. Ndani yake amelala Bwana Michael Grzimek, Mdachi, aliyekufa tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama katika mji wa Frankfurt. Hao wawili, baba na mwana, walijifunza kuendesha ndege, wakanunua eropleni ndogo aina ya Dornier, wakaipaka milia kama punda milia, wakaiongoza wenyewe kutoka Ulaya mpaka Tanganyika. Walikaa Banagi, kaskazini ya Seronera. Kazi yao ilikuwa kuwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kwa kuwa Serikali ya siku zile ilikuwa ikitaka kubadili mipaka ya hifadhi, wala hakuna aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi na huhamia wapi. Waliruka huku na huku juu ya mbuga, wakahesabu, wakapata wanyama 366,980. Wakati huo walikuwa wakitengeneza na sinema ya kazi yao, nayo ikapata sifa duniani pote baada ya kijana yule kufa.

Siku ile Michael alikuwa peke yake angani. Tumbusi akaligonga bawa la ndege. Bati likapindika, kamba za kuongozea zikakwama, na eropleni ikazunguka ikashuka mpaka chini. Basi.

Tumbusi, kama mjuavyo, hapigi mabawa sana. Hungoja jua lipashe nchi joto, hewa ipande, naye hupandishwa nayo akizunguka kimya, macho yake yakitazama chini penye mizoga. Hatazamii hatari kutoka juu wala kutoka pembeni, maana tangu kuumbwa kwake hakuna kilichomjia kutoka huko. Uzito wake ni kama kilo saba au nane. Akikutana na ndege iendayo kilometa 200 kwa saa, ni sawa na kurushiwa jiwe la kusagia. Na msidhani ya kuwa hukaa chini chini tu. Mwezi wa Novemba 1973 tumbusi wa namna ya wale wa kwetu aligongana na eropleni kubwa juu ya mji wa Abidjan, Afrika ya Magharibi, kwenye kimo kinachopita mita 11,000.

Je! kifo cha Michael Grzimek kilikuwa ajali? Mimi nasema ndiyo, karibu kwa maana zote za neno hilo. Lakini tazameni jinsi akili zetu zisivyotosheka na jibu hilo. Watu wengi, wakisikia habari hii, huuliza swali la pili: mbingu ni pana namna hii, mbona ndege mmoja na kijana mmoja wakutane mahali pamoja, dakika moja? Swali hili ni la kale. Mwingereza mmoja mwenye elimu, Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 aliandika habari za Wazande, watu wa Sudani ya Kusini na Kongo. Alieleza ya kuwa ghala ya nafaka ikiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Mzande ajua vema kwamba mchwa wamekula nguzo; yeye si mjinga. Lakini huuliza, kwa nini ianguke saa ile ile walipokuwa wamekaa watu hawa? Hapo hutafuta mchawi. Nasi kwetu, ndugu zangu, tusijisifu. Wangapi wamekwisha kimbia usiku kutoka kijiji kimoja kwenda kingine kwa sababu ya swali hilo la pili! Bwana wetu naye aliulizwa jambo la namna hiyo, naye akataja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu kumi na wanane. Akakataa kabisa kusema kwamba hao walikuwa waovu kuliko wengine. Lile swali, "kwa nini wao?", hakulijibu kama watu walivyotaka.

Mimi naona alitufungulia mlango mkubwa. Maana swali la pili likikaa mahali pake, yaani mikononi mwa Mungu, ndipo twapata nafasi ya kurudi kwa swali la kwanza, tulilolikimbia: nguzo zililiwa na nini, na nani alizitazama mara ya mwisho?

Kwa swali hili la kwanza wachunguzi wa eropleni wamefanya kazi kubwa. Wamarekani, ambao wana ndege ndogo nyingi kuliko taifa lo lote, huhesabu ajali zao mwaka hata mwaka. Nao wameona ya kuwa katika kila ajali nne za ndege ndogo za watu binafsi, karibu tatu shina lake ni tendo la rubani au shauri alilolikata. Mashine kuharibika yenyewe ni sehemu ndogo. Ndege kama tumbusi ni sehemu ndogo zaidi. Kwa hiyo habari ya Michael Grzimek, ambayo twaikumbuka kuliko zote, ndiyo isiyofanana na nyingine.

Nikaeleze moja kwa urefu, maana ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Ni habari ya wingu.

Rubani aliyefundishwa kuruka kwa kutazama nchi, akiingia ndani ya wingu, hupotewa na nchi na mbingu pamoja. Mbele yake ni weupe mtupu. Yeye adhani ya kuwa mwili wake utamwambia kama amekaa sawa au ameinama. Kwa maana hapa chini mwili hutuambia, hata gizani. Lakini sivyo. Ndani ya sikio mna vijia vidogo vyenye maji, na mwendo wa maji hayo ndio utujulishao ya kuwa twageuka. Ndege ikianza kugeuka polepole na kuendelea hivyo, maji yale hutulia, na rubani husikia mwilini kana kwamba anakwenda sawasawa. Akijaribu kuinyosha, maji hutikisika, naye husikia kana kwamba sasa ndipo anaanza kuinama. Basi huirudisha kule kule kwenye upotofu, akiona ameitengeneza. Wakati huo ndege inashuka. Akiona inashuka, huivuta juu, na kwa kuivuta huzidi kuukaza ule mzunguko. Mbele yake kuna vyombo vya kupimia vinavyomwambia kweli, lakini mwili wake wote unapiga kelele kwamba vyombo vinasema uongo.

Mwaka 1954 walimu wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani waliwajaribu watu ishirini wa namna hiyo, wasiofundishwa kuruka kwa vyombo. Waliwaziba macho yasione nje, mwalimu akiwapo pembeni ili kuokoa. Wote ishirini walishindwa kuitawala ndege. Mmoja alidumu sekunde 20 tu. Aliyedumu sana alifika sekunde 480. Kwa wastani ilikuwa sekunde 178. Haifiki dakika tatu! Ni muda wa kusali sala ya Bwana polepole mara tatu au nne.

Sasa fikirini nchi yetu. Wakati wa mvua mawingu hutoka ziwani alasiri, yakaja mashariki juu ya Bunda na Ikoma. Na upande wa kusini yakaegemea nyanda za juu za Ngorongoro, penye vilele vipitavyo mita 3,000. Eropleni nyingi zitokazo Arusha kuja Serengeti sharti zipite karibu na milima ile. Tarehe 15 Novemba 2017 ndege moja ndogo iliyokuwa ikija Serengeti ilianguka huko, karibu na Empakaai, wakafa watu 11, wote waliokuwamo. Tarehe 23 Septemba 2019 nyingine ilianguka Seronera mara baada ya kupaa, wakafa wawili. Sineni neno juu ya marubani wale. Siwahukumu, nao wana jamaa wanaowalilia. Nazitaja ili tujue ya kuwa habari hizi hazitokei Illinois tu.

Joto nalo ni adui, wala halionekani. Hewa yenye joto ni nyepesi, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Bawa la ndege hushika hewa kama kasia lishikavyo maji, na hewa nyepesi ni kama kupiga kasia katika povu. Kiwanja kilicho kwenye kimo cha mita 1,500, kama vilivyo vingi vya Serengeti, saa nane ya mchana katika siku ya jua kali huwa kwa eropleni kana kwamba kimeinuliwa hata mita 2,300 hivi. Ndege iliyopaa asubuhi kwa urahisi, mchana yahitaji njia ndefu zaidi, na ikiwa imejaa watu na mizigo huenda isipae kabisa. Habari za kuzidisha uzito sina haja ya kuzieleza kwa watu wanaokaa karibu na ziwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilijengwa kichukue watu 101, nao waliokufa peke yao walikuwa 228.

Tena kuna mafuta yaliyoingia maji, kuna mafuta yasiyotosha kwa sababu mtu alikisia asipime, na kuna kusahau. Juu ya kusahau nitasema kidogo. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika kiwanja cha Wright Field huko Marekani, ndege mpya ya Boeing ilipaa ikaanguka, rubani wake mkuu akafa. Alikuwa miongoni mwa marubani hodari wa jeshi lao. Ilikuja kuonekana ya kuwa komeo linalofunga viongozeo wakati ndege inapolala halikufunguliwa. Wenzake hawakusema, "Atafutwe aliye hodari zaidi." Waliandika karatasi yenye orodha ya mambo ya kutazama kabla ya kupaa, na tangu hapo kila rubani duniani, hata mwenye mvi, husoma orodha yake. Nami nawaambia ndugu wachungaji ninaowaona wakiiongoza ibada pasipo kitabu kwa sababu wameishika yote moyoni: tazameni hawa watu wa eropleni.

Sasa nafika penye jambo lenyewe. Mwalimu mmoja wa usharika wa huku kwetu alinipa hoja ngumu tulipozungumza habari hizi. Alisema, "Mchungaji, hao wote uliowataja, kama ni kiburi au uvivu, twajua la kusema. Lakini aliyeingia winguni kwa ajili ya kumwokoa mtu, naye tumwambieje?"

Hoja hii si ya kubuni. Mwaka 1957 Daktari Michael Wood na wenzake wawili walianzisha huko Kenya kazi ya madaktari waendao kwa ndege, na tangu siku zile maelfu ya wagonjwa wa Afrika ya Mashariki wameokolewa kwa eropleni ndogo zishukazo penye vumbi na majani. Fikirini basi: habari imekuja kwa simu, mama yuko katika utungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya, barabara imekatwa na mto. Rubani atazama mbinguni aona mawingu yameshuka mpaka kwenye vilima. Akienda, labda atafika. Asipokwenda, mama atakufa, naye atajua hivyo usiku kucha.

Huko Marekani wengi waendeshao ndege za wagonjwa wameweka kanuni ambayo, nilipoisikia mara ya kwanza, ilinichukiza. Rubani haambiwi hali ya mgonjwa. Haambiwi kama ni mtoto au mzee, kama amevunjika mguu au anakata roho. Aulizwa neno moja tu: hewa ya mahali fulani mpaka mahali fulani yapitika au haipitiki? Akisema haipitiki, ndiyo mwisho. Wamefanya hivyo kwa sababu waliona ya kuwa rubani akijua ya kwamba ni mtoto, macho yake huyaona mawingu kuwa mepesi kuliko yalivyo. Wala hasemi uongo. Ayaona hivyo kweli, kwa maana moyo wake umeyaomba yawe hivyo.

Nilichukizwa kwa kuwa sisi tumefundishwa kumtazama mgonjwa usoni. Kuhani na Mlawi walipita kando, nasi tumewalaumu kwa miaka elfu mbili. Je! sasa tumsifu mtu aliyefungwa macho asimwone jirani yake? Lakini kwa kadiri nilivyowaza ndivyo nilivyoiona kanuni hii kuwa ya haki, tena yenye upendo kuliko ilivyoonekana. Maana katika ndege ile rubani hayuko peke yake. Yuko muuguzi, labda na daktari, nao wana watoto nyumbani. Nani aliwauliza hao? Na mgonjwa mwenyewe akiwekwa ndani, yeye naye huingizwa katika lile wingu. Msamaria alimtazama mtu aliyejeruhiwa, ndiyo. Akampandisha juu ya mnyama wake, akaenda naye mpaka nyumba ya wageni, akafika. Kama angalimpitisha katika mto uliofurika, wakafa wote watatu, yaani yeye na mjeruhi na mnyama, sidhani ya kuwa mfano ule ungalisimuliwa. Huruma yataka kufika.

Hapa namkumbuka mtu mmoja asiyekumbukwa sana. Tarehe 14 Mei 1931 Mwingereza mmoja mwenye jina, Denys Finch Hatton, alipaa kutoka Voi katika Kenya na eropleni yake ndogo. Mara ikaanguka ikateketea. Vitabu na sinema vimesimulia kifo chake. Lakini kulikuwa na wa pili ndani, mtumishi wake Kamau, Mkikuyu, naye akafa pale pale. Kamau hakuitawala ndege, wala hakujua hewa, wala sidhani aliweza kukataa kwa urahisi. Katika kila ajali kuna Kamau, nami naona ya kuwa mwenye kushika usukani hana ruhusa kukata shauri kama aliye peke yake.

Basi turudi kwa swali letu: ni ya nani? Watu wa kwetu ni wafugaji, kwa hiyo nitawaonyesha sheria iliyo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, juu ya ng'ombe apigaye kwa pembe. Akimpiga mtu hata akafa, ng'ombe huuawa, bali mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe yule alizoea kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, hapo hatia ni yake. Angalieni vizuri. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile, na aliyekufa amekufa kifo kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe alijua.

Kwa hiyo ajali si kitu kimoja kwa nyakati zote. Mtu wa mwaka 1920 aliyeingia winguni akaanguka, alipigwa na ng'ombe asiyejulikana. Tangu 1954 ng'ombe huyo anajulikana hata kwa sekunde zake. Kila uchunguzi ukiisha na kuandikwa, lile lililokuwa ajali jana laanza kuwa deni leo. Nami naona hii ndiyo sababu watu hupenda sana kusema "siku yake imefika": kwa maana asiyetaka kujua kama ng'ombe wake ana kawaida ya kupiga, hawezi kudaiwa. Lakini yeye aliyekataa kuonywa, je, hakuonywa?

Hapa mtu atasema, "Basi watafutwe wenye hatia, wafungwe." Pole pole. Mataifa yalipofanya mapatano juu ya usafiri wa angani katika mji wa Chicago mwaka 1944, baadaye yaliongeza sura ya 13 juu ya kuchunguza ajali, nayo Tanzania imo katika mapatano hayo. Sura hiyo yasema ya kuwa kazi ya uchunguzi ni moja tu, kuzuia ajali nyingine. Si kazi yake kugawa lawama. Mahakama ina mlango wake, na uchunguzi una mlango wake. Nao wana sababu. Mtu akijua ya kuwa kila neno lake litamfunga, hatasema, na asiposema, ng'ombe hatajulikana. Tangu 1976 Wamarekani wana hata ofisi ambayo rubani aliyekosa pasipo kukusudia aweza kuiandikia kosa lake mwenyewe, kabla halijaua mtu. Jina lake hufichwa, na kosa hufundishwa kwa wengine. Sisi wa Kanisa twajua jambo hili kwa jina lingine. Katekisimu Ndogo inayo sehemu juu ya kuungama, na mchungaji aliyesikia hufunga kinywa chake. Naona ajabu ya kuwa watu wa mashine wamelirudia, nasi katika sharika nyingi tumeliacha likawa maneno ya kusoma tu.

Lakini tusichanganye. Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, alikuwa akiruka na helikopta katika pori la akiba la Maswa, linalopakana na Serengeti, akisaidia kuwatafuta majangili walioua tembo. Walimpiga risasi kutoka chini, akafa. Hiyo siyo ajali kwa maana yo yote, na anayeisema hivyo anamfunika muuaji kwa kitambaa. Kadhalika mwenye ndege amwambiaye rubani, "Usipokwenda leo, kesho usije kazini": huyo hakushika usukani, lakini mkono wake ulikuwamo.

Mmoja wenu atauliza, haya yote yatufaa nini sisi tusio na eropleni? Tutazame mazishi yetu. Kijana amekufa kwa pikipiki. Walikuwa wanne juu yake, taa haikuwaka, dereva hajalala siku mbili. Mchungaji asimama kaburini, akasema ni mapenzi ya Mungu, na wote wakajibu amina. Sisemi kwamba Mungu hayumo. Nasema tumempa Mungu ile taa iliyokufa, naye mwenye pikipiki amekwenda zake, na kesho ampa kijana mwingine pikipiki ile ile. Mjane asikia ya kuwa aliyemwua mumewe ni Mungu. Je, tumemfariji? Mimi huacha kwanza kulisema neno hilo. Huomba na wafiwa, na baada ya siku za matanga huenda kwa mwenye chombo, pamoja na wazee wawili, kuuliza habari za taa.

Na kwa wale mnaokaa karibu na viwanja vya ndege, maana viko vingi kandokando ya hifadhi, vingine ni majani tu yaliyofyekwa: rubani ashukaye hawezi kumwona mbuzi mpaka amekaribia sana, na akimwona, hawezi kusimama. Punda milia na swala hawana mwenyewe, nao hufukuzwa na askari wa wanyama. Lakini mbuzi na ng'ombe ni wetu. Watoto huwapeleka pale kwa sababu majani ni mazuri na pamefunguka. Waalimu wa shule ya Jumapili waweza kuzungumza na watoto hao, maana wazazi wengi hawajui saa za ndege, na watoto wanazijua zote.